Walioshuka na Waliobaki: Historia ya Gari la Askari wa Mwavuli, Ikisomwa Dzaleka

Ukitoka Lilongwe kwa barabara ya M1 kuelekea kaskazini, unaipita njia panda ya uwanja wa ndege wa Kamuzu pale Lumbadzi, kisha unaingia wilaya ya Dowa. Kilomita zipatazo 45 kutoka jijini ndipo ilipo Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994. Wilaya hiyo hiyo ina kambi ya jeshi ya Mvera, na ukiteremka upande wa mashariki kuelekea Ziwa Malawi unafika Salima, makao ya batalioni ya askari wa mwavuli wa Jeshi la Malawi. Katika kipande hicho kifupi cha nchi wanaishi jirani watu wanaofundishwa kushuka vitani kutoka angani na watu waliovikimbia vita vya namna hiyo.

Dzaleka ilijengwa kwa ajili ya watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Leo wameandikishwa humo zaidi ya 50,000. Wengi wametoka mashariki ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Waethiopia na Wasomali wachache. Katika vichochoro vya Kawale, Lisungwi na Katubza utasikia Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe, Kifaransa na Chichewa, lakini bei ya nyanya hupatanwa kwa Kiswahili. Ukikaa na wazee wa hapo, mazungumzo ya vita hayachukui muda kufika kwenye ndege: ndege iliyotua, ndege iliyopita chinichini, ndege iliyowachukua Wazungu ikawaacha wenyeji.

Upande wa pili wa habari hiyo umeandikwa vizuri mno. Vitabu vya kijeshi vinajua unene wa kila bamba la gari la askari wa mwavuli, uzito wake, na saa lililodondoshwa kwa mara ya kwanza. Inafaa kuisimulia historia hiyo kwa Kiswahili, kwa sababu wasomaji wa Kiswahili wameishi ndani yake kuliko wanavyodhani. Na inafaa kuonyesha pale ilipokatika.

Tatizo lililolizaa gari hili ni la zamani kama mwavuli wenyewe. Askari anayeruka kutoka kwenye ndege hufika nyuma ya adui kwa haraka, lakini akishagusa ardhi anabaki na miguu yake na mzigo ulio mgongoni. Adui ana malori, mizinga na vifaru. Asipopata msaada mapema, ushujaa wa kuruka haumfai kitu. Wasovieti ndio walioanza mapema kuhangaika na jambo hilo. Mwaka 1935, katika mazoezi makubwa karibu na Kyiv, waliangusha askari zaidi ya elfu moja kwa miavuli mbele ya wageni kutoka majeshi ya Ulaya. Katika miaka hiyo hiyo walijaribu kukifunga kifaru kidogo cha T-37A, chenye uwezo wa kuelea, chini ya tumbo la ndege ya TB-3 na kukiachia majini ndege ikipita karibu na uso wa ziwa. Waingereza walichagua njia nyingine: tarehe 6 Juni 1944, siku ya kushuka Normandy, walipeleka vifaru vidogo vya Tetrarch ndani ya ndege zisizo na injini. Hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyodumu.

Jibu lililodumu lilipatikana katika kiwanda cha matrekta cha Volgograd, na liliingia jeshini mwaka 1969. Liliitwa BMD, kifupisho cha maneno ya Kirusi yenye maana ya gari la mapigano la askari wa angani. Aliyelisukuma kwa nguvu zake zote alikuwa Jenerali Vasily Margelov, kamanda wa majeshi ya mwavuli ya Kisovieti kwa zaidi ya miaka 20 hadi mwaka 1979. Margelov alikataa katakata wazo kwamba askari wake ni askari wa miguu tu waliofika kwa ndege. Alitaka washuke, wawashe injini, waondoke.

Tulitazame gari lenyewe kwa karibu. Lina uzito wa tani 7 na nusu hivi, karibu nusu ya BMP-1, gari la askari wa miguu la wakati huo. Linakwenda kwa minyororo kama kifaru, na injini yake ya dizeli ya nguvu za farasi 240 inalikimbiza kilomita 60 na zaidi kwa saa barabarani. Juu lina mnara mdogo unaomtosha mtu mmoja, wenye mzinga wa milimita 73, bunduki ya rashasha na reli ya kombora la kupiga vifaru. Mbele lina rashasha mbili zaidi. Likifika mtoni, dereva huinua ubao wa mbele wa kuzuia mawimbi na kuwasha pampu za kutoa maji, kisha mitambo miwili ya nyuma huvuta maji na kuyarusha kwa kasi, gari likasonga kwa kilomita 10 hivi kwa saa. Kwa mto mpana huo ni uwezo mkubwa. Kwa ziwa kama la Malawi, upepo wa mwera unapochafuka, ni jambo la kutojaribiwa.

Ajabu yake kubwa iko chini. Dereva anaweza kulishusha gari mpaka tumbo lake libaki kama milimita 100 kutoka ardhini, au kuliinua hadi 450. Likishushwa na kunyanyua magurudumu yake, hukaa kwa tumbo juu ya jukwaa la kudondoshea na kufungwa mikanda bila kuyumba. Kwenye vita, gari lililoshushwa hivyo hujificha nyuma ya tuta dogo.

Lakini kila kilo iliyookolewa ilitolewa mahali fulani, na hapa ilitolewa kwenye ngozi. BMD haikutengenezwa kwa chuma kizito. Mwili wake ni wa aloi ya alumini, na unene wake ni kati ya milimita 10 na 33. Risasi ya bunduki ya kawaida haipiti. Risasi ya rashasha kubwa ya milimita 12.7 ikipiga ubavuni inaweza kupita, na bomu lililotegwa ardhini hulipasua tumbo. Zaidi ya hayo, injini iko nyuma, kwa hiyo gari halina mlango wa nyuma wa kuteremkia. Askari waliobanana ndani hutokea juu kwa kifuniko, wakiwa wazi mbele ya mtu anayewalenga.

Mwanzoni gari na watu wake walishuka kwa kutengana. Gari lilidondoshwa kwa miavuli yake mikubwa, askari wakaruka kwa miavuli yao, kisha wakaanza kulitafuta porini au kwenye theluji kwa kufuata ishara za redio. Huenda likawa limeangukia ng'ambo ya mto. Margelov aliona muda huo unatosha kuwaua askari wote. Akaamua jambo ambalo wakubwa wake Moscow walilihofia: watu washuke wakiwa ndani.

Tarehe 5 Januari 1973, katika uwanja wa kudondoshea wa Slobodka karibu na mji wa Tula, ndege ya An-12 iliachia BMD yenye watu wawili ndani yake. Mmoja alikuwa Leonid Zuev. Mwingine alikuwa Aleksandr Margelov, mtoto wa jenerali mwenyewe. Walikuwa wamefungwa kwenye viti vilivyotokana na vile vya wanaanga. Inasimuliwa kwamba baba alisimama chini akivuta sigara moja baada ya nyingine, bastola ikiwa na risasi tayari, ameshaamua la kufanya endapo mambo yangeharibika. Gari lilitua salama na kuanza kwenda. Januari 1976 Aleksandr Margelov alirudia tena, safari hii na Leonid Shcherbakov, kwa mtambo uliotumia mwavuli mmoja na roketi za kupunguza kasi karibu na ardhi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, wawili hao walipewa nishani ya Shujaa wa Urusi.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1977 jeshi la Somalia liliingia Ogaden, mashariki mwa Ethiopia, na mwezi Septemba likauteka mji wa Jijiga. Umoja wa Kisovieti, uliokuwa umeiunga mkono Somalia kwa miaka mingi, ukageuka na kuisaidia Ethiopia. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo ndege za Kisovieti zilimwaga silaha na washauri, na Cuba ikaleta askari kwa maelfu. Jenerali wa Kisovieti Vasily Petrov ndiye aliyeongoza mipango.

Wasomali walikuwa wamejiimarisha kwenye kipito cha Kara Marda, lango la milimani kuelekea Jijiga. Kukipita moja kwa moja kungegharimu damu nyingi. Mwanzoni mwa 1978 helikopta kubwa za Mi-6 zikabeba askari na magari mepesi ya kivita, zikayavusha juu ya milima na kuyatua nyuma ya Wasomali. Waandishi wa historia ya kijeshi wanataja BMD-1 na mzinga mdogo wa kujiendesha wa ASU-57 kuwa miongoni mwa vyombo hivyo. Jijiga ilirudi mikononi mwa Ethiopia tarehe 5 Machi 1978, na siku nne baadaye Somalia ikatangaza kuondoa jeshi lake. Wepesi wa gari, ambao ni udhaifu wake mbele ya mzinga, ndio uliofanya helikopta iweze kulinyanyua. Ndoto ya Margelov ilitimia kwenye milima ya Pembe ya Afrika.

Vitabu vinapofika hapo hufunga sura. Wasomali wa Ogaden waliokimbia kwa mamia ya maelfu kuingia Somalia baada ya ushindi huo hupewa sentensi moja, tena mara nyingine hawapewi.

Kongo, nchi ambayo watu wake ndio wengi Dzaleka, haikuiona BMD ikishuka. Imeona karibu kila namna nyingine ya askari kufika kutoka angani au majini, na kila mara tatizo lilikuwa lile lile: wakishafika, watakwenda na nini?

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, ndege 5 za C-130 za Marekani zilipita juu ya uwanja wa Simi-Simi, Stanleyville, mji uitwao Kisangani leo, na kuwaachia makomandoo wa Ubelgiji wapatao 320 chini ya Kanali Charles Laurent. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa Simba, waliokuwa wamewashikilia mateka wageni zaidi ya elfu moja. Jijini Nairobi, siku moja kabla, mjumbe wa waasi Thomas Kanza alikuwa akizungumza na balozi wa Marekani mbele ya Jomo Kenyatta. Ndege hazikungoja mazungumzo yamalizike.

Wabelgiji walikuja na gari lao la mwavuli, ambalo ni kinyume kabisa cha BMD. Liliitwa AS-24 na lilitengenezwa na kiwanda cha FN: chombo cha magurudumu matatu kinachobeba watu wanne waliokaa sambamba. Ukikiona utasema ni bajaji iliyong'olewa paa. Hakina bamba la kuzuia hata jiwe, lakini ni chepesi kiasi cha watu wachache kukinyanyua, na kilifaa kwa kazi moja tu, ya kuingia mjini haraka. Hata haraka hiyo haikutosha kwa wote. Kabla makomandoo hawajafika katikati ya mji, waasi waliwafyatulia risasi mateka waliokuwa wamekusanywa barabarani, na zaidi ya ishirini wakafa, akiwamo mmisionari na daktari wa Kimarekani Paul Carlson. Wengine wengi waliokolewa. Siku mbili baadaye makomandoo hao walidondoshwa tena mji wa Paulis, leo Isiro, na ndani ya siku chache walikuwa wameondoka Kongo.

Wakongo hawakuondoka. Katika uasi ule na katika kisasi kilichofuata, kwanza cha waasi na kisha cha jeshi la serikali na mamluki wake, walikufa kwa maelfu. Historia ya oparesheni ile inajua idadi ya miavuli. Majina ya waliobaki Stanleyville ndege zilipoondoka hayapatikani katika orodha yoyote.

Mwaka uliofuata vita vilihamia ziwani. Kundi la waasi lilikuwa limeshikilia milima ya Fizi na pwani ya Ziwa Tanganyika, likipata silaha kupitia Kigoma. Ernesto Che Guevara mwenyewe alivuka huko Aprili 1965 na kukaa hadi Novemba. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare, pamoja na askari wa serikali, waliteremka pwani karibu na Baraka kwa boti, wakauteka mji baada ya mapigano makali. Hawakuwa na gari la kuogelea; walitegemea vyombo vya ziwani na ndege za kuwalinda kutoka juu. Fizi na Baraka ni majina ambayo Dzaleka hayahitaji ramani. Ni nyumbani kwa familia nyingi za Wabembe walioko pale, ambao walikimbia tena na tena katika miongo iliyofuata.

Tarehe 19 Mei 1978, Kongo ikiitwa Zaire, ilikuwa zamu ya Kolwezi, mji wa migodi huko Shaba uliokuwa mikononi mwa waasi. Kikosi cha pili cha mwavuli cha Jeshi la Kigeni la Ufaransa, chini ya Kanali Philippe Erulin, kiliruka kikitumia miavuli ya Kimarekani ya jeshi la Zaire ambayo askari hawakuizoea. Magari yao yalipelekwa Lubumbashi kwa ndege nyingine na kufuata kwa barabara, kwa hiyo waliingia mjini kwa miguu. Huko waliwakuta waasi hao wakiwa na magari ya deraya ya AML waliyoyateka kutoka jeshi la Zaire, na wakalazimika kuyakabili kwa roketi za begani. Walishinda. Lakini ni hali ile ile aliyoiogopa Margelov: aliyetoka angani yuko kwa miguu, na aliye chini ndiye aliyepanda gari.

Tukio la mwaka 1998 lilionyesha bei ya wepesi kuliko mengine yote. Tarehe 4 Agosti, siku mbili baada ya Vita vya Pili vya Kongo kuanza, ndege za abiria zilizotekwa uwanja wa Goma ziliwabeba askari wa Rwanda na washirika wao, chini ya James Kabarebe, zikavuka nchi nzima hadi kambi ya Kitona karibu na Bahari ya Atlantiki. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 1,500, bila miavuli na bila gari la kivita. Waliwashawishi askari wa kambi hiyo wajiunge nao, wakaiteka Matadi, wakafika bwawa la Inga na kuukatia mji wa Kinshasa umeme. Kwa wiki mbili ilionekana kama serikali ya Laurent Kabila imekwisha. Kisha Angola ikaingia kutoka Cabinda kwa vifaru, Zimbabwe ikaulinda uwanja wa ndege wa N'djili, na kikosi cha Kitona kikajikuta katikati, kikiwa na silaha za mikononi. Mabaki yake yalikimbilia ndani ya Angola. Vita vyenyewe viliendelea hadi mwaka 2003, na ndivyo vilivyoijaza Dzaleka.

Malawi nayo ina kumbukumbu yake ya askari waliofika kwa ndege. Februari 1959, ilipokuwa ikiitwa Nyasaland, askari kutoka Rhodesia ya Kusini walisafirishwa kwa ndege kuja kuzima vuguvugu la uhuru. Tarehe 3 Machi Gavana Robert Armitage alitangaza hali ya hatari. Alfajiri hiyo Dkt. Hastings Kamuzu Banda alikamatwa, akapakiwa ndegeni na kupelekwa gereza la Gwelo. Siku hiyo hiyo watu 20 waliuawa kwa risasi Nkhata Bay, walipokusanyika gatini kudai wenzao waliokamatwa waachiwe. Tume ya Jaji Devlin, iliyotumwa na Uingereza yenyewe, iliandika kwamba Nyasaland imegeuzwa nchi ya kipolisi.

Banda alitoka gerezani Aprili 1960 na kuiongoza nchi kwenye uhuru mwaka 1964. Chini ya utawala wake Dzaleka ikawa jela ya wapinzani wa siasa, jina lililotajwa kwa hofu Malawi nzima. Hilo halina budi kusemwa wazi. Ardhi wanayoishi wakimbizi leo ilikwisha kubeba uchungu wa Wamalawi kabla yao, na wenyeji wa Dowa wenye umri mkubwa wanalijua hilo.

Jeshi la Malawi halijawahi kuwa jeshi la vifaru. Lilitokana na batalioni ya King's African Rifles ya Zomba, na zana zake za deraya zimekuwa magari ya magurudumu kama Ferret na Fox ya Kiingereza na Eland ya Afrika Kusini. Nguvu yake ni askari wa miguu. Desemba 1993, katika Oparesheni Bwezani, jeshi hilo liliwapokonya silaha vijana wa Malawi Young Pioneers, waliokuwa mkono wa chama tawala, na kuvamia makao yao Lilongwe. Miezi mitano baadaye nchi ilifanya uchaguzi wa vyama vingi. Mwaka huo huo wa 1994 milango ya Dzaleka ikafunguliwa kwa wakimbizi.

Kisha njia ikageuka. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda Brigedi ya Uingiliaji ya askari 3,069 kwa ajili ya Kongo. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikatoa wanajeshi. Novemba mwaka huo waasi wa M23 walitangaza kuweka silaha chini. Kwa mara ya kwanza vijana wa Lilongwe, Salima na Mzuzu walikuwa wakilinda vijiji vilivyokimbiwa na majirani zao wa Dowa.

Tarehe 14 Novemba 2018, katika mapigano na waasi wa ADF karibu na Beni, Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa vibaya na kushindwa kusogea. Chancy Chitete, askari wa Malawi, alimburuta hadi mahali pa kujikinga na kuanza kumpa huduma ya kwanza. Akapigwa risasi akiwa katika kazi hiyo, na akafa. Koplo Omary alipona. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa Chitete, baada ya kifo chake, medali ya Kapteni Mbaye Diagne ya ushujaa wa pekee. Ni medali inayobeba jina la ofisa wa Senegal aliyeokoa watu Rwanda mwaka 1994, mwaka uliowaleta Wanyarwanda wa kwanza Dzaleka.

Malawi ilirudi tena Kongo mwishoni mwa mwaka 2023, katika kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Januari 2025 M23, iliyokuwa imefufuka, ilishambulia Sake na kuiteka Goma. Askari watatu wa Malawi walikuwa miongoni mwa waliouawa, na Februari Rais Lazarus Chakwera aliamuru jeshi lake lijiandae kurudi. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa. Walioletwa kulinda mji walitoka kwa barabara, wakipita Rwanda hadi Chato nchini Tanzania. Bila uwanja wa ndege, jeshi lililofika kwa ndege huwa limezingirwa.

Hata wenye BMD wamejifunza hivyo kwa gharama kubwa. Afghanistan, baada ya Desemba 1979, askari wa mwavuli wa Kisovieti walipendelea kukaa juu ya gari kuliko ndani yake, maana bomu la ardhini liliwaua waliokaa chini, na hatimaye vikosi vyao huko viliachana na BMD vikachukua magari mazito zaidi. Februari 2022, huko Hostomel karibu na Kyiv, Warusi walitua kwa helikopta bila magari yao, kwa kutegemea kwamba ndege kubwa zingefuata, lakini hazikuweza kutua. BMD zilifika kwa barabara, na tarehe 27 Februari msafara wake uliteketezwa katika mtaa mmoja wa Bucha. Tangu mwaka 1969 hadi leo, vita vikubwa ambavyo gari hilo lilidondoshwa kwa mwavuli likaamua matokeo havipo. Mafanikio yake yaliyo wazi zaidi ni yale ya Ogaden, na hayo yalikuja kwa helikopta.

Hivyo ndivyo historia ilivyo ikisomwa kutoka juu: mitambo, tarehe, majina ya makamanda. Imeandikwa kwa Kirusi, Kifaransa na Kiingereza na watu waliokuwa ndani ya ndege au waliosoma taarifa zao. Walioitazama miavuli ikifunguka juu ya Kisangani, walioziona boti zikija Baraka, waliojificha mashimoni Kolwezi, hawajaandika. Si kwamba hawana la kusema. Hawakuulizwa kwa lugha yao.

Dzaleka ina vifaa vyote vya kuirekebisha kasoro hiyo. Ina Yetu Radio, kituo cha jamii kinachorusha matangazo yake kutoka ndani ya makazi. Ina Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo Menes La Plume, ambalo kila mwaka huwakusanya Wamalawi na wakimbizi mahali pamoja. Ina walimu, ina vijana wenye simu za kurekodi, ina Kiswahili kinachoelewana na Kigoma, Bukavu, Bujumbura na Dar es Salaam. Na Lilongwe ina vyuo na waandishi wa habari ambao kwao Dzaleka ni mwendo wa saa moja.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ya Stanleyville sasa amepita 70. Aliyekuwa na umri huo siku ya Kolwezi anakaribia 60. Basi nyinyi mnaoishi na wazee hao, Dzaleka na kwingineko, waulizeni mwaka huu: walikuwa wapi siku ndege zilipokuja, nani alikuwa nao, na nani hakurudi. Andikeni majina, mahali na tarehe, kisha wekeni nakala shuleni, redioni na kanisani au msikitini, ili zisipotee zote kwa mara moja.